Dereva amemchapa punda kupita kiasi: jinsi ya kumwadhibu bila adhabu kumrudia punda

Hii naandikia watu wa vikundi vya mikokoteni ya punda, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ama hata kama ni wewe tu una punda wawili na umeandika kijana akuendeshee. Mimi nimekuwa katibu wa kikundi chetu huku Kiambu kwa muda na kesi zinazoninyima usingizi sio za michango kuchelewa, ni hizi za mtu kumchapa punda mpaka ngozi inapasuka alafu anakuja kwa kikao anasema huyu mnyama ni mkaidi.

Kesi ya kwanza niliyoiandika kwa kitabu tuliiharibu kabisa na ndo maana nataka wewe usirudie kosa letu. Dereva alionekana na watu wa stendi akimcharaza punda na kipande cha mpira wa tairi, tukamwita, akakubali, tukampiga faini ya shilingi 1,000, akalipa hapo hapo na sisi tukaona tumefanya kazi. Kesho yake akapakia mitungi 24 badala ya 16 ndo elfu yake irudi haraka, na mtungi ni lita 20 yaani kilo 20, piga hesabu mwenyewe, hiyo ni kilo 480 ya maji peke yake, bado mkokoteni, bado yeye amekaa juu. Pale kwa mlima wa kwenda sokoni punda akapiga magoti. Faini aliilipa punda. Tangu siku hiyo kila adhabu nikiandika najiuliza kwanza itatua kwa mgongo wa nani.

Kabla hamjapata kesi, andikeni sheria inayopimika

"Usimchape punda sana" sio sheria. Sana ni ngapi? Dereva atasema alichapa mbili, shahidi atasema kumi, na nyinyi mmekaa hapo hamna kitu cha kushika.

Hapa mimi nilienda kukopa kwa watu wengine. Kuna zile mbio za farasi wanaovuta vigari vyepesi vya magurudumu mawili, dereva amekaa nyuma na hatamu mkononi, ziko Marekani, Kanada, Australia, Ufaransa na kwingine, na ukiangalia vizuri yule dereva amekaa karibu vile vile mtu wetu wa mkokoteni anakaa. Hao wamegombana juu ya mjeledi kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Ontario kule Kanada walikataza ile tabia ya kuweka hatamu zote kwa mkono mmoja ndo ule mwingine uwe huru kuchapa. Australia nao sheria yao inasema dereva ashike hatamu moja kila mkono, mjeledi usogezwe kwa kifundo cha mkono tu, bega lisiingie, na ncha yake iangalie mbele. Mwishoni mwa 2016 walitangaza hata kwamba mjeledi utaondolewa kabisa kuanzia 1 Septemba 2017, alafu wakarudi nyuma wakabaki na masharti makali.

Kilichonifurahisha hapo ni kwamba hawakuhesabu tu viboko, walishika mikono. Mtu akiwa na kamba moja kila mkono hawezi kuinua mkono mpaka juu ya kichwa bila kuachilia kichwa cha mnyama, na hilo mtu yeyote aliye barabarani analiona, mama wa mboga analiona, mtoto wa shule analiona. Haihitaji mtaalamu.

Sasa sisi sheria zetu tukaandika hivi, kwa Kiswahili rahisi, tukabandika kwa ukuta pale maji yanapochotwa. Kamba moja kila mkono wakati mkokoteni unatembea. Hakuna waya, hakuna mpira wa tairi, hakuna fimbo yenye msumari wala fundo kwa ncha. Hakuna kugusa kichwa, masikio, tumbo, miguu, sehemu za siri wala mahali penye kidonda, hata kidogo. Punda aliyesimama hachapwi, dereva ashuke aangalie kwanza kuna nini. Na punda aliyeanguka hachapwi kamwe, hiyo ukifanya unaenda moja kwa moja kwa adhabu ya juu.

Hiyo ya punda aliyesimama ilileta ubishi mwingi juu watu wamezoea kwamba punda akisimama ni kiburi. Punda sio farasi jamani. Farasi akiogopa anakimbia, punda akiogopa mara nyingi anaganda, anasimama kama amepigiliwa chini, na ukimchapa hapo unamwongezea ile ile hofu iliyomsimamisha. Kila dereva mpya namwambia hivyo kabla ajaweka sahihi kwa kitabu.

Kila mkokoteni upewe namba, ichorwe kwa rangi nyuma na ubavuni kubwa isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Bila namba hutapata ripoti, utapata uvumi.

Ripoti ikifika, usingoje kikao cha Jumapili

Kosa la vikundi vingi ni hili. Ripoti inakuja Jumanne, mwenyekiti anasema tutaongea Jumapili, na Jumapili uvimbe umeshashuka, dereva amempaka punda grisi na matope na wewe umebaki na neno la mtu dhidi ya neno la mwingine. Ripoti ikija asubuhi, huyo punda aangaliwe kabla jua halijazama.

Mpokea ripoti aandike mambo machache tu: namba ya mkokoteni, mahali, saa, kifaa gani kilitumika, mkono uliinuliwa wapi, punda alikuwa anatembea au amesimama, na alikuwa amebeba nini. Jina la aliyeripoti liandikwe kwa karatasi tofauti ambayo katibu pekee anaishika. Sisi tulishaona mama mmoja akinyimwa maji na madereva juu alisema ukweli, na baada ya hapo tukakaa miezi bila ripoti hata moja na sio kwamba watu waliacha kuchapa.

Kama kuna video ya simu, iombe yote kutoka mwanzo na sio kile kipande cha sekunde tano kinachozunguka kwa WhatsApp. Ninataka kuona kilichotangulia. Kuna siku video ilionyesha kijana akipiga, tukaomba yote, tukakuta aliyepiga hakuwa dereva, alikuwa abiria aliyepanda juu ya mzigo. Dereva bado alikuwa na kosa la kubeba mtu na kunyamaza, lakini ni kosa lingine.

Mfungue punda kwanza, maneno baadaye

Hapa nitakaa kidogo juu ndo roho ya kesi yenyewe. Ukifika, usianze kumfokea dereva. Fungua punda kutoka kwa mkokoteni, mpeleke kivulini, mpe maji, mwache apoe kidogo. Wakaguzi wawe wawili, na asiwe ndugu wa dereva wala mtu anayegombania wateja naye.

Anza upande wa kushoto kutoka shingoni mpaka mkiani, alafu kulia, alafu nyuma kabisa kwa makalio na mapaja. Pitisha kiganja polepole kufuata manyoya alafu kinyume na manyoya. Mchapo mpya utausikia kabla hujauona, ni kama kamba imewekwa chini ya ngozi, pana joto, na punda anakunja ngozi ama anahama. Msitegemee punda alie. Punda anaficha maumivu, anaweza kuwa na kidonda kibaya na bado amesimama kimya anatafuna, kwa hivo angalia masikio yameanguka nyuma, angalia kama anakataa kuguswa upande mmoja, angalia kama anahamisha uzito wa miguu kila saa.

Sasa tofauti ambayo lazima muijue, la sivyo mtamwadhibu mtu bure. Kidonda cha matandiko kinakaa pale ukanda unapopita: kifuani, begani, juu ya mgongo karibu na shingo, chini ya tumbo, na kwa shina la mkia. Kinakuwa cha mviringo au kipana, manyoya yamesagika pembeni. Alama ya mchapo ni mstari, inakaa kwa makalio, mapaja na mbavu, na mara nyingi iko mistari miwili mitatu imepishana. Mwenye kutumia mkono wa kulia huacha mingi upande wa kulia. Na zile nywele nyeupe unaziona kwa punda wa kahawia ni makovu ya zamani, nywele humea nyeupe pale ngozi ilipoumia, kwa hivo usiziweke kwa kesi ya leo, lakini ziandike juu zinakuambia huyu punda ametoka wapi na pengine mwenye punda ana maswali ya kujibu.

Piga picha kila alama mara mbili, moja ya mbali ionekane ni sehemu gani ya mwili na namba ya mkokoteni, moja ya karibu na sarafu ya shilingi 20 imeshikwa kando ya alama ndo ukubwa ujulikane. Andika saa. Kama ngozi imepasuka, ita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na karatasi yake ndo ushahidi wenu mkubwa kuliko maneno ya sisi wote.

Mtu akikuambia ngozi ya punda ni ngumu hasikii, mwonyeshe nzi akitua kwa mgongo. Ile ngozi inatetemeka kwa nzi! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2020 walilinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu, na kwa ile tabaka ya juu inayosikia uchungu hawakupata tofauti ya maana, si kwa unene wala kwa wingi wa neva. Hao walikuwa farasi, lakini punda ni ndugu yake wa damu na ule mtetemeko wa nzi unaona mwenyewe.

Alafu kagua mkokoteni, usiuruke

Hesabu mzigo. Zungusha magurudumu, kama beringi zimeisha ama upepo umepungua basi punda anavuta kwa shida zaidi. Angalia mzigo umekaa wapi, ukiwa mbele sana unamkandamiza mgongo, ukiwa nyuma sana mikono ya mkokoteni inainuka na ukanda unamkaba. Inua kwato moja moja utafute jiwe ama ufa. Kama ni jike, uliza kama ana mimba.

Sio kumtafutia dereva kisingizio. Mchapo ni kosa lake hata kama gurudumu ni bovu. Lakini ukimwondoa yeye na kuacha gurudumu, wiki ijayo kijana mwingine atamchapa punda yule yule pale pale kwa mlima.

Kikao

Kikae ndani ya siku mbili. Watu watatu wanatosha, na mmoja awe dereva wa siku zote anayejua kazi, sio wenye punda peke yao. Mwenye punda aitwe pia na hana ruhusa ya kutuma mtu.

Msomee dereva ripoti, mwonyeshe picha, mwache aongee mpaka amalize. Maswali yawe mafupi. Mimi huwa naanza na hili: "Kijana wangu, ulikuwa unamchapa ili afanye nini?" Akisema ili aende haraka, muulize alikuwa amebeba nini na anakimbilia nini. Akisema alikuwa amesimama, muulize alishuka kuangalia? Akisema wote wanachapa, andika hivyo hivyo alivyosema, haimsaidii lakini kikundi kinahitaji kusikia.

Swali la mwisho ni la hesabu: unatakiwa umpelekee mwenye punda shilingi ngapi kwa siku? Hapo ndo kesi nyingi hufunguka. Nakumbuka mmoja aliniambia, "Mzee, siku ikiisha bila mia nane sina kazi tena." Tukamgeukia mwenye punda, akaangalia chini. Huyo kijana alikuwa anapiga safari 9 kwa siku na punda mmoja, kuanzia alfajiri. Mkono uliochapa ulikuwa wa kijana, lakini ile mia nane ilikuwa imekaa juu ya huo mkono, na kikao kikinyamaza juu yake kitakuwa kimehukumu nusu ya kesi.

Wale wanaoamini mchapo unaongeza mwendo, waambie kuna utafiti wa mbio za farasi Australia uliotoka 2011, farasi walikuwa na kasi kubwa zaidi kabla hawajaanza kuchapwa, na walipochapwa mwishoni wakiwa wamechoka hakukuwa na kasi iliyoongezeka kwa sababu ya mjeledi.

Adhabu

Adhabu ni siku, sio pesa. Hata kule kwa mbio, faini ndogo mbele ya zawadi kubwa mtu anailipa tu na kuendelea, kinachomuuma ni kuambiwa kaa nje. Kwetu ni mbaya zaidi juu faini inatafutwa kwa kuongeza mitungi.

Hivi ndo sisi tunafanya, nyinyi mtapima na hali yenu. Kuvunja sheria bila alama kwa ngozi, mfano kushika kamba zote mkono mmoja na kuinua fimbo, ni onyo la maandishi na wiki mbili za kuendesha bila fimbo kabisa. Alama zilizovimba bila damu, siku 7 hagusi hatamu ya punda wa mwanachama yeyote. Damu, ama waya, ama kichwa, ama kumpiga punda aliyeanguka, siku 30. Kesi ya tatu ndani ya miezi 12 anatoka kwa kikundi. Jina na tarehe ya kurudi zibandikwe pale kwa maji, juu bila hivyo kesho utamkuta na mkokoteni wa mjomba wake upande wa pili wa mtaa.

Mwenye punda naye ana sehemu yake na hapa msimwogope hata kama ndo mwenyekiti. Analipa daktari. Punda wake anapumzika mpaka daktari aseme yuko sawa, na hakuna dereva mwingine kumwendesha siku hiyo, hiyo mchezo ya kubadilisha dereva saa sita na kuendelea na kazi tuliikataza. Kama hesabu ya siku ndo ilisukuma, anaweka sahihi kwa hesabu mpya na idadi ya safari, na tukigundua amerudisha ile ya zamani namba ya mkokoteni wake inafutwa.

Na dereva atakula nini hizo siku 30? Ni swali la haki, ana watoto, na njaa haimfundishi mtu upole. Sisi tunampa kazi ya kikundi, kukata nyasi, kusafisha birika la maji ya punda, kuosha vidonda na daktari, kwa malipo madogo ya siku. Kuosha kidonda ulichokiweka wewe mwenyewe, kila asubuhi, punda anashtuka kila ukimkaribia, hapo nimeona vijana wakibadilika zaidi kuliko kwa onyo lolote.

Kitu kimoja hakiruhusiwi: kumchapa dereva. Kuna watu wanapenda kusema achapwe na yeye asikie. Hapana. Hiyo ni kosa la jinai, inaharibu kesi, na inawafundisha vijana wote wanaotazama kwamba mwenye nguvu anachapa.

Akikataa uamuzi ana siku 3 za kukata rufaa mbele ya watu wengine watatu ambao hawakukaa kesi ya kwanza, lakini wakati anangoja haendeshi.

Lini kesi sio yenu tena

Punda akivunjika, akitobolewa jicho, akifa, ama mkikuta ni tabia ya kila siku, msimalize nyumbani. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na inataja kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumwendesha kupita kiasi na kumbebesha kupita kiasi kuwa makosa, na mwenye mnyama anayeruhusu hayo anaingia pia. Pelekeni picha, karatasi ya daktari na kitabu chenu kwa polisi, na mjulishe ofisi ya mifugo ya kaunti. Tanzania wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kwa hivo wenzetu wa upande ule nao wana mahali pa kushika.

Siku ya kurudi

Asirudi kwa kumaliza siku tu. Asubuhi hiyo aje bila fimbo, afunge matandiko mwenyewe huku mkaguzi anatazama, aendeshe mkokoteni mtupu kilomita moja yenye kilima kimoja, kamba moja kila mkono, sauti na kamba tu. Akimaliza anapakia nusu ya mzigo anarudia. Kwa ule mlima ashuke atembee kando ya punda, na kama hawezi kumpandisha bila fimbo basi anapewa wiki nyingine ya mafunzo na dereva mzee. Mwenye punda awepo aone, juu mara nyingi yeye pia hajawahi kuona punda wake akipanda mlima bila kupigwa.

Baada ya hapo napitisha kiganja kwa makalio ya huyo punda jioni ya siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, pale birikani wakati anakunywa, dakika mbili zinatosha, na ninaandika kwa kitabu nilichokisikia. Nikikuta mstari mpya hata mmoja tunarudi kwa kumfungua punda, kivuli na maji.